KUTUNZA MRIJA WA KUSAFISHIA DAMU

Kwa kawaida mtu ana figo mbili. Figo huchuja uchafu na maji ya ziada kutoka katika damu. Figo zikishindwa kazi, uchafu hubaki mwilini na mtu anaweza kufa. Hapo damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki.

Mashine hizo ziko katika hospitali kubwa, kama Bugando huko Mwanza. Kwa hiyo mgonjwa wa Nyakasimbi akipelekwa huko, hana budi kukaa mjini pamoja na ndugu anayemuuguza. Somo hili ni la wote wawili.

Mrija ni nini?

Daktari hupitisha mrija laini katika mshipa mkubwa wa shingoni. Ncha ya ndani hufika karibu na moyo. Ncha ya nje ina matawi mawili. Moja hupeleka damu kwenye mashine, na la pili huirudisha mwilini.

Adui wa kwanza: damu kuganda

Umeona damu ya mbuzi ikiachwa kwenye bakuli. Baada ya muda mfupi huganda. Damu ikitulia ndani ya mrija, nayo huganda na kuuziba. Ndiyo maana mashine ikimaliza kazi, muuguzi husafisha mrija kwa maji maalumu ya chumvi. Kisha huujaza dawa ya kuzuia damu isigande. Basi, usifungue vifuniko wala vibanio. Usikubali mtu mwingine atie dawa au atoe damu humo.

Adui wa pili: vijidudu

Mrija ni mlango wa kuingia katika damu. Vijidudu vikipita hapo, huenea mwili mzima.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Usiguse mrija bila sababu.
2. Usiloweshe bandeji. Jifute kwa kitambaa chenye maji, mbali na mrija.
3. Bandeji ikilowa au ikibanduka, nenda hospitali ikabadilishwe.
4. Mrija unapofunguliwa, mgonjwa na muuguzi wafunike pua na mdomo.
5. Usibebe mkungu wa ndizi begani. Usitumie mkasi karibu na mrija.

Ukipata homa

Wengi wetu tukitetemeka husema, "Ni malaria," tukanunua dawa dukani. Mwenye mrija asifanye hivyo. Akiona homa, baridi, usaha, uvimbe au maumivu penye mrija, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Aseme mara moja, "Nina mrija wa kusafishia damu." Apimwe malaria, na damu yake ipimwe vijidudu pia. Kungoja kesho kunaweza kuua.

Mrija ukichomoka, usiurudishe. Bonyeza mahali hapo kwa kitambaa safi, mkimbilie hospitali.

Maswali

1. Kwa nini mrija hujazwa dawa?
2. Bandeji ikilowa, utafanya nini?
3. Mwenye mrija akipata homa, kwa nini asinunue dawa dukani?