Jambazi mwema, ila ng'ombe ni wa nani?

Mwaka 1781, jijini Seville, Hispania, Diego Corrientes alinyongwa kabla hajatimiza miaka 24. Kazi yake hata mkazi wa Bunda, mkoani Mara, Tanzania, ataitambua: alikuwa akiiba farasi Andalusia, akiwavusha mpaka na kuwauza Ureno. Alipokwisha kufa, waimbaji vipofu wakamtakasa. Walizunguka mitaani wakiuza visa vya majambazi vilivyochapwa kwenye karatasi za bei chee, zikining'inizwa kambani, na humo Corrientes akawa jambazi mkarimu: anampora tajiri, anamkumbuka maskini, haui mtu.

Mwanahistoria Eric Hobsbawm, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu majambazi, alieleza kwamba mtu wa namna hii serikali humwita mhalifu, wanakijiji humwita mwenzao. Sasa jaribu kupima kauli hiyo mkoani Mara.

Upande wa Tarime, kijana wa Kikurya aliyerudi na ng'ombe wa koo nyingine alihesabiwa shujaa. Mifugo ile ilikuwa mahari. Iliingia zizini ikazaa. Michael Fleisher, aliyechapisha utafiti wake juu ya wizi huo mwaka 2000, anaonyesha jinsi fedha ilivyougeuza: ng'ombe wa kuibwa akawa wa kuuzwa, mara nyingi ng'ambo ya mpaka, Kenya. Ureno yetu hiyo.

Hapo ndipo mizani inapolalia upande. Andalusia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya wachache na vibarua wengi wasio na ardhi. Aliyeibiwa farasi hakuwa na wa kumlilia. Lakini mwenye ng'ombe sita Butiama si bwanyenye. Wawili wanavuta jembe, mmoja ni ada ya shule, waliobaki ni mahari ya kijana wake. Anayemwibia ni maskini mwenzake, na sifa za mwizi huyo, zikiwapo, hukomea kwenye mpaka wa ukoo. Mimi naona neno "mwema" halitoshi peke yake. Lazima tuulize mwema kwa nani.

Miaka ya 1980 sungusungu, wanakijiji waliojipanga kusaka wezi wa ng'ombe, walipoenea kutoka Usukumani na Unyamwezini, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwaunga mkono. Katika visa vya Hispania anayemsaka jambazi ni askari wa mfalme. Huku yowe likipigwa usiku, anayetoka ni jirani, fimbo mkononi, tochi chini, anainama kusoma alama za kwato njiani.