Ndiva hujazwa usiku

Mtaani kwetu Mbezi Beach, maji ya mgawo hufunguliwa usiku wa manane. Mtu anaamka, anasikiliza simtanki likijaa, anarudi kulala. Mzee jirani yangu, Mpare wa milima ya Same, haoni geni hapo. Kwao kuna ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo, na Wapare walikuwa nalo kabla ya ukoloni. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikielekeza mferejini hivyo hivyo, ardhi inayanywa maji kabla hayajafika shambani. Basi jioni tundu la ndiva huzibwa, maji yakalala humo. Asubuhi likizibuliwa, maji ya usiku kucha hutoka kwa nguvu, yakaulowesha mfereji na bado yakayafikia mahindi ya mwenye zamu.

Hayo yote yanasimama juu ya tuta, na tuta halitaki kusahauliwa. Kila mwaka watu huitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakazoa tope lililotuama, wakaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi. Nyasi huachwa zishike udongo, ila mti ukichipua juu ya tuta hung'olewa ungali mchanga, kwa sababu mzizi ukioza ndani huacha njia ya maji. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa ni hatari ile ile. Maji safi yakichuruzika chini ya tuta, mtu huyaangalia kila siku. Yakigeuka ya tope, bwawa limeanza kuliwa kutoka ndani.

Mabwawa makubwa ya udongo nayo hayasalimiki. Ikowa, mkoani Dodoma, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na haukupita muda mrefu likaanza kujaa mchanga kutoka vilima vilivyobaki vitupu kwa malisho. Ukizoa tope bila kuponya vilima, mvua ijayo inalirudisha.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia usalama wa mabwawa, na ni vema. Lakini ndiva inahitaji jicho la mtu apitaye hapo alfajiri, na vijana wengi wa kupita hapo wako huku mjini. Jirani yangu hutuma fedha za msaragambo. Akipiga simu Same, kabla hajauliza habari za mvua, huuliza maji yanayochuruzika chini ya tuta yana rangi gani.