Presha ya Ukoo: Je, Dawa Zina Faida?

 

Mama mmoja wa hapa Kiambere aliniambia hivi: "Sista, presha ni ya ukoo wetu. Mama alikufa nayo, hata mimi nitakufa nayo. Dawa ni za nini?" Alikuwa ameacha vidonge kwa miezi miwili. Leo namjibu, na wewe usikie.

Ni kweli kuna kitu tunachorithi. Kila mtoto hupata chembe za urithi, yaani jeni, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Jeni hutofautiana mtu na mtu, hata jamii na jamii. Baadhi huongoza jinsi figo zinavyoshika chumvi na maji, na hapo presha huguswa.

Tuwatazame ndugu zetu Waturkana. Kwa vizazi vingi wameishi kwenye ukame kwa maziwa, nyama na damu. Mwaka wa 2025 watafiti, wakiwemo wa KEMRI, walieleza kuwa jeni iitwayo STC1 inasaidia miili yao kuhifadhi maji. Lakini utafiti wa mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa Waturkana waliohamia mijini walikuwa na dalili nyingi zaidi za hatari ya ugonjwa wa moyo kuliko wale waliobaki na mifugo. Ukoo ni ule ule, maisha ndiyo yaliyobadilika.

Hata Waluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka wa 1990. Presha yao ilipanda katika miezi michache tu. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi zaidi, na potasiamu ya mboga na matunda ikapungua.

Kwa hivyo, mama, fanya haya:

1. Kama mzazi au ndugu yako ana presha, pimwa mapema, hata kama huumwi. Presha mara nyingi haina dalili. Ikifika 140/90 kwa vipimo vya siku tofauti, unahitaji matibabu.

2. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya dukani. Usiweke chumvi mezani. Watoto wapewe kidogo zaidi.

3. Endelea na ndengu, kunde, mtama na mboga za shambani. Punguza mafuta ya kukaangia.

4. Usiache dawa kwa sababu unajisikia mzima. Uliza kwanza kwenye dispensari.

5. Mtu akipinda mdomo, akilegea mkono, akishindwa kuongea au akibanwa na kifua, mpelekeni hospitali mara moja.

Mama, ikiwa presha iko katika ukoo wenu, hiyo ndiyo sababu ya kupimwa na kumeza dawa. Si sababu ya kukata tamaa.

 Mwambie na jirani yako.