Je, wajua tumbusi hupaa kwa nguvu ya jua?

Je, wajua kwamba kiumbe mwenye mabawa aliyerekodiwa juu zaidi duniani ni tumbusi? Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, katika kimo cha takriban meta 11,300. Injini moja iliharibika, ila ndege ilitua salama. Manyoya yaliyobaki ndiyo yaliyomtambulisha.

Tumbusi huyu ni wa kwetu pia. Huzaliana kwenye majabali ya Hell's Gate nchini Kenya na Milima ya Gol huko Tanzania. Ana kilo 7 hadi 9, na akitandaza mabawa hupita meta 2 kutoka ncha hadi ncha. Kwa uzito huo, kupiga mabawa kutwa nzima kungemmaliza nguvu.

Ndiyo maana asubuhi hana haraka. Husubiri jua lipande na ardhi ishike moto. Hewa iliyo juu ya ardhi hiyo nayo hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda kama mvuke wa chungu. Tumbusi huingia katika mkondo huo na kuzunguka humo, mabawa wazi bila kuyapiga, huku hewa ikimbeba. Akishafika juu huuacha, akateleza mbele huku akishuka polepole, hadi akutane na mkondo mwingine. Kule juu ambako hewa ni hafifu, damu yake husaidia: himoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, huinasa kwa nguvu ya pekee.

Miaka ya 1970 mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyoweza kuelea injini ikiwa imezimwa, akipanda katika mikondo ileile. Kwa kubebwa na mikondo hiyo, tumbusi huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye viota kuwafuata nyumbu, na kusafisha mizoga kabla haijaoza.

Lakini tangu mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Adui mkubwa ni sumu: mzoga mmoja uliotegewa simba au fisi huweza kuua makumi ya tumbusi. Ndugu mfugaji, simba akikuulia ng'ombe, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori. Usitie sumu kwenye mzoga.