Jiwe Likigonga, Nini Kivunjike?

Inama kando ya baiskeli ya milimani mpaka macho yako yalingane na pedeli. Zilaze krenki, moja mbele na nyingine nyuma, kama mwendeshaji anavyoziweka anapopita juu ya mawe. Hapo, kati ya magurudumu mawili, kitu kilicho chini kuliko vyote si fremu wala si pedeli. Ni sproketi ya mbele, pamoja na cheni iliyoizunguka.

Tupige hesabu. Kwenye baiskeli nyingi za aina hii ekseli ya kati iko sentimita 34 hivi kutoka ardhini. Sproketi ya meno 32, ukijumlisha na unene wa cheni, inashuka karibu sentimita 7 chini ya ekseli hiyo, zinabaki 27. Mwendeshaji akishapanda, shokamzoba nazo zinazama kwa uzito wake. Kwa kawaida huachwa zizame kama asilimia 30 ya mwendo wake wote, na kwa shokamzoba za milimita 140 hiyo ni sentimita 4. Sasa zimebaki 23, na safari haijaanza.

Mpeleke mwendeshaji huyo Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, ambako njia kama Porcupine Rim zimejaa ngazi za mawe ya mchanga zilizochongwa na maumbile. Wageni wengi huogopa kuzishuka. Kwa upande wa sproketi, kinachotisha ni kuzipanda. Ekseli ya kati haiko katikati hasa ya magurudumu: kwenye baiskeli ambayo magurudumu yake yameachana sentimita 120, ekseli hiyo iko kama sentimita 44 tu mbele ya gurudumu la nyuma. Basi gurudumu la mbele likishapanda ngazi ya sentimita 30 na la nyuma bado liko chini, sehemu ya kati imeinuka sentimita 11 tu, wakati ukingo wa jiwe umeinuka zote 30. Nafasi inapungua kwa sentimita 19. Toa 19 katika zile 23, unabakiwa na 4, na shokamzoba zikididimia kidogo kwa kishindo cha kupanda, hizo 4 hazipo tena. Ukiishuka ngazi ileile, hasara ni sentimita 11 tu.

Kinachogongwa kwanza ni cheni yenyewe, kwa sababu imekumbatia nusu nzima ya mbele ya sproketi, kutoka juu mpaka chini. Jiwe linaibana cheni juu ya meno, na uzito wa mtu na baiskeli unashuka juu ya pingili mbili tatu. Vibamba vya pembeni vinapinda au pini inaanza kutoka, na jino lililo chini yake linalala upande. Sproketi nyingi nzuri hutengenezwa kwa alumini ya aina ya 7075, nyepesi na ngumu, lakini isiyopenda kukunjwa na kukunjuliwa.

Kinga zote zinazouzwa zinatokana na wazo moja, na ni wazo ambalo wauzaji hulificha kidogo: hakuna kinga inayoliondoa pigo. Jiwe litagonga, na nguvu ile lazima iishie mahali. Kazi ya kinga ni kuchagua iishie wapi, kama fyuzi inavyoungua ili redio isiungue. Kwa hiyo kabla ya kununua, usiulize kama kinga ni imara. Uliza ikishindwa, nani atalipa.

Kinga ya zamani ni duara la alumini au plastiki ngumu linalofungwa kwenye krenki, nje ya sproketi, na kuizidi kidogo kwa upana. Inazunguka pamoja na pedeli. Jiwe likiigonga, pigo linapita kwenye krenki, linaingia kwenye ekseli ya kati na kuishia kwenye beringi zake. Beringi hununuliwa upya na hubadilishwa kwa nusu saa, kwa hiyo bei ya pigo si kubwa.

Kinga ya pili ni bamba lisilozunguka, lililopinda kama kipande cha duara, linalokaa chini ya sproketi na kufungwa kwenye fremu. Linashikwa na masikio matatu yanayoizunguka ekseli ya kati, ambayo vipimo vyake vinajulikana kama ISCG 05. Faida yake ni kwamba baiskeli inaweza kuteleza juu ya jiwe kama inavyoteleza juu ya ubao, bila krenki kusukumwa. Hasara yake ni kwamba pigo sasa limekabidhiwa fremu. Sikio la fremu likipasuka, hasa kwenye fremu ya kaboni, umeokoa sproketi na kuharibu kitu chenye bei mara nyingi zaidi. Ndiyo maana napendelea bamba la plastiki ambalo linapinda au kuvunjika mapema kuliko la alumini nene lisilokubali kushindwa.

Kuna kinga ya tatu ambayo haiuzwi kama kinga: sproketi ndogo. Pingili ya cheni ya baiskeli ina urefu wa milimita 12.7, na kutokana na kipimo hicho kila jino unalopunguza linainua ukingo wa sproketi milimita 2. Baiskeli za milimani za zamani zilikuwa na sproketi tatu mbele, kubwa ikiwa na meno 44 au hata zaidi, na hiyo kubwa ndiyo iliyokuwa ikitafunwa na mawe. Watu waliifungua wakafunga duara la kinga mahali pake, kwenye bolti zilezile. Kisha mwaka 2012 kampuni ya SRAM ikaleta XX1, mfumo wa sproketi moja tu mbele, wenye meno yanayopokezana, moja nene na moja jembamba, kufuata nafasi za cheni ambazo nazo hupokezana. Sproketi ya meno 32 iko juu ya ile ya 44 kwa milimita 24. Kinga yenyewe, kumbuka, lazima iizidi cheni kwa upana, kwa hiyo inakula milimita kadhaa za nafasi unayoitafuta. Ukifunga kinga, ukipunguza na meno mawili, umezirudisha.

Wengi huchanganya kinga na kiongoza cheni, kile kidude kinachokaa juu ya sproketi kuzuia cheni isiruke. Hicho hakilindi kitu dhidi ya jiwe. Na lile kava la cheni kwenye Phoenix na Raleigh za kwetu lilikusudiwa kuokoa suruali. Cheni yenyewe, kwa wanaoteremka tu, si ya lazima sana: mwaka 2015 huko Leogang, Austria, mwendeshaji Aaron Gwin alikata cheni pale pale mwanzoni mwa mashindano ya Kombe la Dunia ya kuteremka, na akashinda. Sisi wengine tuna vilima vya kupanda kurudi nyumbani.

Ukigonga, simama. Zungusha pedeli kinyumenyume polepole ukiitazama cheni inapopita kwenye vigurudumu vidogo vya nyuma. Pingili iliyokaza itaruka. Jino lililolala kidogo hurudishwa kwa spana malaya: kaza midomo kwenye jino, vuta taratibu, mara moja tu. Feleji itavumilia kuvutwa tena, alumini itaanza kupasuka shinani. Makovu makali yapitishie tupa. Pingili iliyopinda usiinyooshe. Ikate, pamoja na jirani zake ikibidi, mpaka ncha zote mbili za cheni ziwe pingili nyembamba za ndani, ndipo uunganishe kwa pingili ya kuunganishia. Halafu, cheni ikiwa imefupika, kaa mbali na gia kubwa kabisa ya nyuma mpaka upate cheni nyingine, maana cheni iliyofupishwa ikivutwa mpaka huko inaweza kung'oa kibadilisha gia pamoja na sikio linalokishikilia.