Mvua Ijayo: Hesabu ya Maharagwe Ishirini

Kabla ya kila majira ya kupanda, wakulima wa skimu hufika ofisini na swali moja: "Bwana Karani, mvua itanyesha au haitanyesha?" Jibu la ndiyo au la halipo. Mtu akikupa jibu la namna hiyo, hata akiwa ofisa, usimwamini.

Idara ya Hali ya Hewa huigawanya misimu iliyopita mafungu matatu: ya mvua nyingi, ya kawaida na haba. Kisha hukadiria nafasi ya kila fungu. Tuseme imetangaza mvua nyingi 50 kwa 100, ya kawaida 25 na haba 25. Twaa mkebe, utie maharagwe 20: mekundu 10, meupe 5, meusi 5. Hilo ndilo tangazo lenyewe. Sasa fumba macho utoe moja. Likitoka jeusi, je, mkebe umesema uwongo? Hata kidogo. Ubaya ni kwamba habari ikipita midomoni mwa watu nambari huachwa njiani, yakabaki maneno "mvua nyingi inakuja", na mwenye ekari tano akazipanda zote mahindi ya kukawia kukomaa, tena kwa mbegu na mbolea za mkopo.

Mvua fupi, ya Oktoba hadi Desemba, hufuata sana joto la bahari. Bahari ya Pasifiki ikipata joto, yaani El Niño, mara nyingi sisi hupata mvua nyingi. Mwaka 1997 ilikuwa hivyo, barabara na madaraja yakachukuliwa na maji. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu vilevile, watu wakaogopa, lakini mvua haikufikia ile ya 1997. Na gharika ya 1961 ilikuja pasipo El Niño: Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida, na upande wa Indonesia ilikuwa baridi.

Mvua ndefu ni ngumu zaidi kutabiri. Tangu miaka ya 1980 ilipungua kwa muda mrefu, hali hesabu nyingi za kompyuta husema itaongezeka miaka ijayo. Wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu. Kwamba nchi inazidi kupata joto, hawabishani.

Basi panda ukikumbuka maharagwe meusi. Katika sehemu kavu, toa ekari moja au mbili kwa mahindi ya Katumani, ambayo hukomaa upesi, na maharagwe. Kwa ajili ya yale mekundu, chimba mitaro ya kugeuza maji mapema. Kazi yake ni ya jembe tu.

Habari za siku chache zijazo ni za kutegemewa kuliko za msimu mzima. Zisikilize kabla ya kutia mbolea ya kukuzia, maana mvua kubwa ya usiku mmoja huweza kuipeleka mtoni. Ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yako hutoa habari hizo. Ukifika huko, uliza nambari.