Je, Wajua? Mpira na Mahamri

Je, wajua kwamba ratiba ya Kombe la Dunia 2026 ina mechi za kuanza saa moja asubuhi kwa saa za Malindi na Kilifi? Wakati huo huko Vancouver, mmoja wa miji wenyeji, ni saa tatu usiku. Huku kwetu mashabiki wanajazana mbele ya skrini, sahani ya mahamri na mbaazi mkononi. Fainali, Julai 19, ni saa nne usiku. Afadhali!

Malindi ina ushabiki wake. Waitaliano walifika Ngomeni, jirani na Malindi, na mradi wa anga wa San Marco miaka ya 1960, wenzao wakafuata na kulowea, hivyo jezi ya buluu ya Italia haimshangazi mtu. Na kuhusu saa za mechi, AFCON 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa saa zetu wenyewe.